Waya wa dijitali unavyoweza kuokoa kanda za zamani za video kabla deki hazijatoweka

KATIKA makabati na masanduku ya familia nyingi nchini Kenya, za Magadi zikiwemo, kuna kanda za video ambazo hazijatazamwa kwa miaka mingi. Ni kanda za arusi, za mazishi, za mahafali na za sherehe za jadi zilizonaswa katika miaka ya 1990 na 2000, wakati mpigaji picha za video alipokuwa mtu wa lazima katika kila shughuli.

Nyingi kati ya kanda hizo hazina nakala ya pili. Mzee aliyesimama kutoa baraka siku hiyo huenda amekwisha kufariki, na sauti yake haipatikani kwingine ila kwenye utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku.

Utepe huo unazidi kuchakaa, na mashine za kuuchezesha zinazidi kuadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za kanda za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kamera zilizotumia kanda ndogo za MiniDV nazo hazitengenezwi tena.

Mnamo 2019, UNESCO kwa ushirikiano na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, ilianza kuwatahadharisha wenye kanda za sumaku kote ulimwenguni. Wataalamu walikadiria kwamba kufikia 2025 mashine za kuzichezesha kanda hizo hazingepatikana tena kwa urahisi. Mwaka huo umekwisha kufika.

Hata hivyo, kanda ambazo bado ni nzima zinaweza kuokolewa. Kando na mashine yenyewe, jambo kubwa linalohitajika ni kujua waya upi uchomekwe katika tundu lipi. Nakala nyingi huharibika si kwa sababu kanda ilikuwa mbovu, bali kwa sababu aliyeinakili alitumia waya usiofaa.

Joto, vumbi na urithi

Magadi ni mji ulio katika sakafu ya Bonde la Ufa, takriban kilomita 120 kusini magharibi mwa Nairobi. Uko chini sana ukilinganishwa na jiji hilo, kwani ziwa lake liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hufikia nyuzi 35 na zaidi, na upepo hupeperusha vumbi la magadi, madini yanayochimbwa hapo kwa zaidi ya karne moja.

Mazingira hayo ni adui wa kanda. Joto hudhoofisha gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye utepe. Vumbi nalo hukwaruza utepe pamoja na vichwa vya mashine, yaani sehemu ndogo zinazosoma picha. Vumbi la magadi lina ubaya wa ziada kwa kuwa, likipata unyevu, hushambulia metali kama vile alumini.

Wataalamu wa hifadhi hukadiria kwamba kanda ya sumaku huishi kati ya miaka 10 na 30, kutegemea ubora wake na mahali ilipowekwa. Kwa hesabu hiyo, kanda ya arusi ya 1998 iliyowekwa juu ya kabati chini ya paa la mabati haina muda mwingi uliosalia.

Yaliyomo katika baadhi ya kanda hizo si mali ya familia moja tu. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe tatu za Wamaasai wa Kenya katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sherehe hizo ni Enkipaata, ya kuwaingiza wavulana katika rika; Eunoto, ambapo morani hunyolewa nywele wakijiandaa kwa utu uzima; na Olng'esherr, ya kula nyama, inayofunga umorani na kufungua uzee.

Eunoto ya rika moja haifanywi mara mbili. Ikiwa ilinaswa kwenye kanda na kanda hiyo ikaharibika, hakuna namna ya kuwarudisha morani wale uwanjani ili kamera iwanase upya.

Haja ya kuhifadhi kumbukumbu za namna hii imetambuliwa kwingineko nchini. Mnamo 2008, WIPO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, liliwezesha Wamaasai wawili wa jamii ya Il Ngwesi, Laikipia, pamoja na mtaalamu mmoja wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kupata mafunzo nchini Marekani kuhusu kunasa na kuhifadhi utamaduni wao. Mwaka uliofuata jamii hiyo ilikabidhiwa vifaa vya dijitali vya kufanyia kazi hiyo.

Ziwa Magadi lenyewe limewahi kuonekana na watazamaji wa dunia nzima. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ina picha zilizopigwa hapo ingawa katika hadithi yenyewe mahali hapo ni Turkana. Filamu hiyo ina nakala zisizohesabika. Kanda ya arusi iliyopigwa ufuoni mwa ziwa hilo hilo huenda ina nakala moja tu, nayo iko ndani ya sanduku.

Tofauti ya analojia na dijitali

Ili kuelewa umuhimu wa waya, ni lazima kwanza kuelewa tofauti ya mifumo miwili ya kunasa picha.

Kanda ya VHS huhifadhi picha kwa mfumo wa analojia. Picha na sauti hugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme, na mawimbi hayo huandikwa kwenye utepe jinsi yalivyo. Kila yanapopitishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, hupungua kidogo na kuchafuliwa kidogo.

Ni sawa na kumimina maziwa kutoka kibuyu hadi kibuyu. Kila yanapomiminwa, mengine hubaki yameganda ukutani, na kibuyu kipya huongeza harufu yake. Baada ya vibuyu vinne, kinachonywewa si kile kilichokamuliwa asubuhi.

Mfumo wa dijitali hauhifadhi mawimbi bali hesabu. Kila sehemu ya picha hupewa nambari, na kinachosafiri katika waya ni nambari hizo. Mfugaji akituma ujumbe kwamba ana ng'ombe 42, ujumbe huo unaweza kupitia kwa watu watano na wa mwisho bado akapata ng'ombe 42, mradi kila mmoja alisikia vyema. Nambari haififii.

Kwa hiyo, kanda iliyonaswa kwa dijitali inapaswa kutolewa kwa waya wa dijitali. Ikitolewa kwa waya wa analojia, nambari hugeuzwa kuwa mawimbi, kisha mashine inayopokea huyageuza tena kuwa nambari. Katika safari hizo mbili ubora hupotea, na ukishapotea haurudi.

Kuyatambua matundu

Kinasa video cha nyumbani, kile ambacho watu wengi hukiita deki, huwa na matundu kadhaa mbele na nyuma. Kila tundu lina kazi yake.

Matundu matatu ya mviringo yenye rangi ya njano, nyeupe na nyekundu ni ya analojia. La njano hupitisha picha, na yale mawili mengine hupitisha sauti ya kushoto na ya kulia. Karibu kila runinga na deki ya miaka hiyo ilikuwa nayo. Baadhi ya mashine zina pia tundu la S-Video, la mviringo lenye pini nne ndani, ambalo hutenganisha mwanga na rangi. Picha yake ni safi kuliko ya waya wa njano, lakini bado ni ya analojia na haipitishi sauti.

Tundu la dijitali lililo muhimu zaidi kwa kanda ni dogo kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Katika vinasa vya DVD aghalabu liko upande wa mbele, nyuma ya kifuniko kidogo, na limeandikwa DV IN au i.LINK. Mtambo huu wa kuunganisha ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1995 chini ya jina la IEEE 1394. Kampuni ya Apple iliuita FireWire, nayo Sony ikauita i.LINK. Majina ni matatu lakini kitu ni kimoja.

Waya wa DV ndio lugha ya asili ya kanda za MiniDV na Digital8. Hupitisha picha, sauti, saa iliyoandikwa kwenye kanda na hata amri za kucheza, kusimama na kurudisha nyuma. Kwa sababu hiyo kinasa kinaweza kuiendesha kamera chenyewe, bila mtu kuigusa.

Tundu la HDMI lilianza kuonekana katika vifaa vya nyumbani mwaka 2003. Hupitisha picha na sauti za dijitali za kiwango cha juu. Hata hivyo, katika vinasa vingi vya DVD tundu hilo ni la kutoa tu, yaani kupeleka picha kwenye runinga. Mtu akichomeka HDMI ya kamera au ya king'amuzi katika HDMI ya kinasa hicho, hataona lolote, kwani vifaa vyote viwili vinazungumza na hakuna kinachosikiliza.

Tundu la USB nalo huwapotosha wengi. Katika vinasa vya DVD, kazi yake kwa kawaida ni kusoma picha za mnato, nyimbo na faili za video zilizo kwenye flashi. Katika kamera nyingi za MiniDV, USB ilikusudiwa kutoa picha za mnato au video hafifu ya kutumwa kwenye mtandao. Kanda nzima yenye ubora wake kamili hupitia tundu la DV.

Jinsi ya kunakili

Kazi ianze kwa usafi. Mashine ipanguswe vumbi, na kanda ikaguliwe kabla ya kutiwa ndani. Kanda yenye ukungu, yaani madoa meupe kwenye utepe, haifai kuchezeshwa. Itachafua vichwa vya mashine na kuharibu kanda nyingine zitakazofuata. Hiyo ipelekwe kwa fundi.

Kanda iliyo salama ifungwe kwanza isiweze kunaswa juu yake. Kanda ya MiniDV ina kitufe kidogo cha kusukuma kwenye ukingo, na ya VHS ina kipande cha plastiki cha kuvunja. Hatua hii huchukua sekunde moja tu, na imewanusuru wengi dhidi ya kubonyeza kitufe kisicho chake.

Kisha vifaa vyote vizimwe kabla ya waya kuchomekwa. Waya wa DV una plagi za aina mbili. Ile ndogo ya pini nne, inayotumika katika kamera nyingi na vinasa vya DVD, haibebi umeme wa kuendeshea kifaa. Ile kubwa ya pini sita, inayopatikana zaidi katika tarakilishi, hubeba umeme unaoweza kufikia volti 30. Ikilazimishwa kuingia kichwa chini miguu juu, huunguza tundu la kamera mara moja, na kamera ya aina hiyo ni vigumu kupata nyingine.

Kamera iunganishwe na umeme wa ukutani badala ya betri, kwa sababu betri ya zamani inaweza kuzima katikati ya kazi. Mahali ambapo umeme hukatika au hupanda na kushuka, kifaa cha kulinda vyombo vya umeme ni muhimu.

Baada ya hapo kamera iwashwe katika hali ya kuchezesha kanda, iliyoandikwa VTR, VCR au PLAY, si katika hali ya kupiga picha. Kinasa nacho kiwashwe na kielekezwe kupokea kutoka DV. Kwa kawaida jina la DV hutokea katika orodha ileile inayotumika kuchagua chaneli za waya.

Kabla ya kunasa ni vizuri kuchagua kiwango cha ubora. Diski ya DVD ya kawaida, ya gigabaiti 4.7, hubeba takriban saa moja katika kiwango cha XP, saa mbili katika SP na saa nne katika LP. Kanda ya MiniDV ya dakika 60 hutoshea diski moja kwa kiwango cha XP. Kuzibana kanda nne katika diski moja kunaokoa gharama ya diski tatu, lakini nyuso za watu hugeuka kuwa miraba miraba kila wanapocheza ngoma.

Sauti pia ina chaguo lake. Baadhi ya kanda zilinaswa kwa mfumo wa biti 12, wenye nafasi mbili za sauti. Nafasi ya kwanza ndiyo yenye sauti ya siku yenyewe, na ya pili iliachwa kwa ajili ya maneno au muziki wa kuongezwa baadaye. Kinasa kikielekezwa kwenye nafasi ya pili iliyo tupu, arusi nzima itatoka bila sauti.

Kanda ikianza kucheza, sekunde chache zipite ndipo kitufe cha kunasa kibonyezwe. Kazi huenda kwa mwendo wa kanda yenyewe: kanda ya saa moja huchukua saa moja. Mwishoni diski ifungwe kwa amri iitwayo FINALIZE. Diski ambayo haikufungwa mara nyingi itacheza katika kinasa kilichoitengeneza pekee, na kinasa hicho kikifa, diski hufa nacho.

Pale picha inapogoma

Yapo matatizo machache yanayojirudia. Kanda iliyopigwa kwa mwendo wa LP, ule unaoongeza dakika 60 kuwa 90, mara nyingi haichezi vizuri katika kamera nyingine isipokuwa ileile iliyoipiga. Kamera ya familia, hata ikiwa imevunjika kioo, isitupwe kabla ya kanda zake kunakiliwa.

Kanda zilizotumwa na jamaa walio Marekani nazo huleta shida ya aina yake. Kenya hufuata mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde, ilhali Marekani hufuata NTSC wenye picha 30 hivi. Kinasa kilichowekwa katika PAL kinaweza kukataa kanda hiyo au kuionyesha bila rangi hadi kibadilishwe katika orodha ya mipangilio.

Kamera za HDV, zilizotumia kanda zilezile ndogo kunasa picha za kiwango cha juu, hazieleweki na kinasa cha DVD cha kawaida. Nyingi zina chaguo ndani yake la kuigeuza picha kuwa DV kabla haijatoka kwenye waya. Chaguo hilo liwashwe kabla ya waya kuchomekwa.

Kanda za VHS

Kanda ya VHS haina nambari ndani yake, kwa hiyo ni lazima itoke kwa waya wa analojia. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba inageuzwa kuwa dijitali mara moja tu na kwa njia iliyo nzuri.

Njia ya kwanza ni kuchomeka deki ya VHS katika kinasa cha DVD kwa nyaya za njano, nyeupe na nyekundu. Njia ya pili ni kutumia kamera ya MiniDV au Digital8 kama mkalimani. Kamera kadhaa za aina hiyo hupokea mawimbi ya analojia upande mmoja na kutoa nambari upande wa pili kupitia waya wa DV, bila hata kuwa na kanda ndani. Njia ya tatu ni kifaa kidogo cha kunasia kinachochomekwa katika USB ya tarakilishi. Ubora wa vifaa hivyo hutofautiana sana.

Wapo waliotupa deki zao mwaka 2015, baada ya Kenya kukamilisha kuhama kutoka matangazo ya analojia hadi ya dijitali. Walidhani mashine hizo hazina kazi tena. Kwa kweli kilichokufa katika deki ni uwezo wake wa kushika stesheni kwa antena. Matundu yake ya kuingiza na kutoa picha bado yanafanya kazi, na aliye na deki nzima leo ana kifaa cha thamani.

Ifahamike pia kwamba matangazo ya kulipia na filamu za kuuza hulindwa kwa kufuli za dijitali, hasa katika HDMI, na kinasa kinaweza kukataa kuzinakili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi za wenyewe. Kanda ya familia, iliyopigwa nyumbani kwa kamera ya familia, haina kufuli ya aina hiyo.

Kinasa au tarakilishi?

Kinasa cha DVD ni rahisi kutumia, lakini hubana picha. DV husafiri kwa megabiti 25 kwa sekunde, na hata katika kiwango cha XP kinasa huipunguza hadi chini ya nusu. Kwa kutazama nyumbani hilo linatosha. Kwa hifadhi ya kudumu, hasa ya sherehe kama Eunoto, inafaa zaidi kuhamishia kanda kwenye tarakilishi yenye tundu la FireWire. Hapo nambari zilizo kwenye kanda huandikwa kwenye diski kama zilivyo.

Nafasi inayohitajika ni takriban gigabaiti 13 kwa kila saa. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 70, ambazo ni kanda nyingi kuliko zilizo katika nyumba nyingi.

Tatizo ni kwamba tarakilishi mpya hazina tundu hilo. Ya mezani inaweza kuongezewa kadi yake ndani. Kwa upande wa Apple, mfumo wa macOS uliotolewa mwaka 2025 uliacha kabisa kuutambua FireWire. Kutokana na hayo, tarakilishi kuukuu yenye tundu hilo, ambayo wengi wangeiona takataka, ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii.

Wanunuzi wajihadhari na waya wa bei nafuu wenye plagi ya USB upande mmoja na ya DV ya pini nne upande wa pili. Waya huo hauwezi kutoa video kwenye kanda. USB na FireWire ni lugha mbili tofauti, na kuunganisha plagi zake kwa shaba hakuleti mkalimani kati yake.

Baada ya kunakili

Nakala moja si hifadhi. Wahifadhi hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwekwe mahali pengine. Familia iliyo Magadi inaweza kuweka diski moja nyumbani, flashi au diski nyingine kwa jamaa aliye Kitengela au Kajiado mjini, na faili ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto au mafuriko hayafiki mahali patatu kwa siku moja.

Diski za DVD za kunasia nazo hufifia, hasa zikiachwa kwenye jua na joto. Zinahitaji kukaguliwa kila baada ya miaka michache na kunakiliwa tena. Kwa kuwa zimebeba nambari, kunakili huko hakupunguzi kitu.

Kanda zenyewe zisitupwe. Zirudishwe hadi mwanzo, zisimamishwe wima ndani ya maboksi yake na kuwekwa katika chumba chenye ubaridi kuliko vyote, mbali na spika na vyombo vyenye sumaku. Kila moja iandikwe jina la shughuli, mwaka na watu waliomo. Picha bila majina, baada ya kizazi kimoja, ni picha ya wageni.

Kwa asiye na vifaa hivi, njia ni kumpelekea fundi wa Nairobi au mji mwingine. Kabla ya kumkabidhi kanda, mwenyewe amuulize maswali mawili: je, kanda ya MiniDV itatolewa kwa waya wa DV, na je, atapewa faili kamili au diski iliyobanwa? Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kusita.

Wale wenye kanda nyingi wasianze na iliyo juu ya rundo. Waanze na ile ambayo aliyemo hawezi kupigwa picha tena.